Kutazama Wanyama kwa Miguu Magharibi mwa Kenya: Mwongozo wa Siku Nne kutoka Dunga hadi Saiwa

Mtu wa Kisumu akisema anakwenda likizo ya kutazama wanyama, majirani hudhani ataelekea Maasai Mara au Ziwa Nakuru, akae ndani ya gari na arudi na picha za simba. Safari inayoelezwa hapa ni ya namna nyingine. Katika sehemu tatu nitakazozitaja, yaani mafunjo ya Dunga kando ya Ziwa Victoria, Msitu wa Kakamega na kinamasi cha Saiwa karibu na Kitale, hakuna simba wala ndovu wa kufukuzwa kwa gari. Wanyama wake ni wa msituni na wa kinamasi, wengi wao wanajificha, na anayewaona ni yule aliyefika kwa miguu mapema, akaketi, akanyamaza. Ninaamini kwamba katika safari hizi ukimya una faida kuliko fedha, na hatua nyingi zilizo hapa chini zinahusu jinsi ya kuutunza.

Nilijifunza hivyo kwa kukosea. Mara yangu ya kwanza kuingia Msitu wa Kakamega nilifika saa nne asubuhi nikiwa nimevaa shati jeupe la kanisani, simu ikilia mfukoni, nikazunguka saa mbili nzima na kuona vipepeo na mgongo wa kima mmoja. Nilirudi nyumbani nikisema msitu hauna kitu.

Kuchagua msimu na kupanga siku

Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha baada ya adhuhuri. Kwa hiyo, hata katika miezi ya mvua asubuhi huwa na nafasi nzuri ya kutembea, mradi uwe umerudi chini ya paa kufikia saa nane. Miezi mikavu zaidi ni Desemba hadi Februari, ambayo inafaa pia kwa kuwa ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia huwa bado wako huku. Likizo ya Desemba basi ndiyo bora kwa familia yenye watoto wa shule. Likizo ya Aprili inawezekana, lakini beba gamubuti na ukubali kwamba utaingia na matope ndani ya hema.

Mpango wenyewe ni huu: asubuhi ya siku ya kwanza katika mafunjo ya Dunga, alasiri safari ya kwenda Kakamega, siku ya pili yote msituni, siku ya tatu asubuhi msituni tena, kisha safari ya Kitale na jioni ya kwanza Saiwa, siku ya nne alfajiri Saiwa, kisha kurudi. Anayetoka Nakuru anaweza kuugeuza mpango, aanze na Kitale na kumalizia Kisumu.

Ada za hifadhi zinazosimamiwa na Shirika la Huduma za Wanyamapori, KWS, hulipwa kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo mtandaoni, si kwa noti langoni. Lipa ukiwa nyumbani au mjini palipo na mtandao wa kuaminika, hifadhi risiti kwenye simu, na usisahau kitambulisho, kwa maana bila hicho huwezi kuthibitisha kwamba unastahili kiwango cha raia.

Vitu vya kubeba

Kifaa kimoja kinachostahili kununuliwa au kuazimwa ni darubini ya macho mawili. Utaona imeandikwa namba kama 8x42: ya kwanza ni mara ngapi inakuza, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Wauzaji hupenda kusifu zile za 10 au 12, lakini msituni hizo hutikisika mkononi na hufanya ndege apotee kila unapopumua. Chagua 8, na kioo kipana, kwa sababu chini ya miti mirefu mwanga ni haba hata saa sita mchana.

Nguo ziwe za rangi iliyopoa, kijani kibichi, kahawia au kijivu, zenye mikono mirefu. Nyeupe na nyekundu ziache. Ziache pia nguo za madoadoa ya kijeshi, kwa kuwa raia haruhusiwi kuzivaa nchini, hata kama zinauzwa sokoni. Soksi ziwe ndefu za kutosha kufunika ncha za suruali, na sababu yake utaielewa siku utakaposimama juu ya msafara wa siafu ukiwa umeinua darubini. Chukua chupa ya maji ya chuma au nyingine inayotumika tena na tena, kwa kuwa tangu tarehe 5 Juni 2020 chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku katika mbuga, misitu na fukwe zilizohifadhiwa. Ongeza leso ya kukalia, koti la mvua lisilopiga kelele unapotembea, tochi, dawa ya kufukuza mbu, na daftari dogo na penseli. Kalamu ya wino huacha kuandika karatasi ikipata unyevu.

Siku ya kwanza: mazoezi katika mafunjo ya Dunga

Dunga iko kilomita chache tu kutoka katikati ya Kisumu, na watu wengi huijua kwa samaki. Fika saa kumi na mbili asubuhi kabla harufu ya mafuta ya kukaangia haijaanza, ukutane na mwelekezi wa ufuoni, na uombe akupeleke kando ya mafunjo kwa mashua ya kasia. Injini huharibu kila kitu.

Tumia saa hiyo kujifunza darubini, kwa sababu hapa ndege wako karibu na mwanga ni mwingi. Kwanza kunja au kunjua pingili ya katikati mpaka uone duara moja badala ya mawili. Kisha fumba jicho la kulia na uzungushe gurudumu la katikati mpaka utete mmoja uonekane bayana. Baada ya hapo fumba jicho la kushoto na urekebishe kwa pete iliyo kwenye kioo cha kulia cha kutazamia. Pete hiyo ukiisha kuipatia usiiguse tena. Jambo linalowashinda wengi ni kumpata ndege ndani ya duara, na hili hutokana na tabia ya kuinamisha macho ili kutazama darubini yenyewe. Mkazie macho ndege, usiyaondoe kwake, halafu ipandishe darubini polepole mpaka ikutane na macho yako. Fanya hivyo mara 20 kwa ndege yeyote, hata kunguru, na vidole vitazoea.

Ukishazoea, msikilize ndege mmoja aliye wa mafunjo pekee, ambaye jina lake la kitaalamu ni Laniarius mufumbiri. Mgongo wake ni mweusi, kifua chake chekundu kama kaa la moto na utosi wake una rangi ya manjano. Dume na jike huitikiana kwa sauti ambazo mgeni hudhani zinatoka kwa ndege mmoja. Haishi mahali pasipo na mafunjo, na ndiyo maana kila kipande kinachofyekwa au kuchomwa ziwani kinampunguzia makao. Huingia ndani ya matete na kutoka kwa sekunde mbili, kwa hiyo lenga darubini pale uliposikia sauti na usubiri hapo hapo. Ukiwaona viboko, mwache mwenye mashua aamue umbali, wala usimsihi asogee. Usitumbukize miguu majini pia, kwani pembezoni mwa Ziwa Victoria kichocho kipo.

Siku ya pili: Msitu wa Kakamega

Kutoka Kisumu hadi mji wa Kakamega ni takriban kilomita 50. Msitu wenyewe una pande mbili za kuingilia zinazojulikana zaidi. Upande wa kusini, Isecheno, hufikiwa kwa kuacha barabara kuu Khayega na kupitia Shinyalu, na uko chini ya Shirika la Huduma za Misitu. Upande wa kaskazini, Buyangu, uko nje ya barabara ya kwenda Webuye na ni hifadhi ya kitaifa tangu 1985 chini ya KWS. Kusini kuna miti mikubwa zaidi na Kilima cha Lirhanda cha kutazamia macheo. Kwa safari hii ninapendekeza Buyangu, kwa kuwa iko njiani kuelekea Kitale na ina mahali pa kulala ndani ya hifadhi, penye vibanda na uwanja wa hema, jambo linalokuokolea bodaboda ya saa kumi na moja alfajiri.

Huu ndio msitu pekee uliobaki Kenya wa aina ya misitu ya mvua ya Kongo na Afrika Magharibi, na kwa hiyo wapo humu ndege ambao ukivuka Bonde la Ufa kuelekea mashariki huwaoni tena. Mwelekezi ni wa lazima, si kwa sababu ya kupotea tu. Wengi wao wamekulia kando ya msitu, wanaujua mti gani umezaa wiki hii, na mtu huyo mmoja atakuonyesha zaidi ya kitabu chochote. Patana naye malipo usiku uliotangulia, mweleze unachopenda kuona, na mwambie waziwazi kwamba hutaki kukimbizwa. La sivyo atadhani unataka kumaliza njia zote.

Anzeni kutembea giza likiwa linaanza kupungua, yapata saa kumi na mbili kasorobo. Sauti ya kwanza kubwa mtakayosikia ni ngurumo, kana kwamba mtu anavuta meza nzito sakafuni: hiyo ni mbega dume akitangaza mpaka wake, na madume wa makundi mengine hujibu mmoja baada ya mwingine mpaka mlio uvuke bonde. Mbega hula majani, ambayo huchukua muda kumeng'enywa, na kwa hiyo asubuhi huwa hana haraka. Mara nyingi huota jua juu ya mti kabla ya kuanza kula. Mtafute basi kwenye vilele vinavyopata miale ya kwanza, utazame manyoya yake meupe yanayoning'inia begani kama shali.

Tembeeni kwa mwendo wa hatua kumi, kisha simameni. Mwelekezi atangulie, watoto wakae katikati, na mazungumzo yawe ya kunong'ona. Sauti ya kawaida ya mtu mzima msituni husikika mbali kuliko unavyodhani. Mkifika mahali pazuri, tandikeni leso, mkae dakika 20 bila kuondoka. Dakika za mwanzo mtaona msitu umekuwa kimya kabisa, na hapo ndipo wageni wengi hukata tamaa na kuinuka. Kimya hicho kimeletwa na nyinyi. Ndege wakizoea kwamba hamsogei, huanza kurudi, kwanza sauti, baadaye viumbe.

Katika safari yangu ya pili niliketi namna hiyo nikikaza macho juu mpaka shingo ikaniuma, na kijana aliyetuongoza akaniambia kwa upole, "Mzee, usiangalie juu kwanza. Angalia chini." Palikuwa na tini zilizoanguka, nyingine nzima, nyingine zimeng'atwa nusu na bado zinatoa utomvu mweupe. Akaokota moja, akanionyesha alama za meno madogo, akasema kima amekula hapa muda si mrefu. Tukasubiri. Baada ya robo saa walirudi, kima wa kawaida pamoja na wale wadogo wenye mikia myekundu na doa jeupe puani, wakila katika mti ule ule kila kundi kwenye tawi lake. Tangu siku hiyo mtini uliozaa ndiyo sehemu ya kwanza ninayoiulizia nikifika, na huwa naketi chini yake asubuhi nzima badala ya kuzunguka.

Chini ya mti kama huo ndipo pia utawaona ndege wawili ambao hata asiyejali ndege huwakumbuka. Hondohondo mwenye pembe kubwa juu ya mdomo utamsikia kabla hajafika, kwani mbawa zake huvuma kama mtu anayepuliza mvukuto. Wakati wa kuatamia, jike hujifungia ndani ya shimo la mti kwa kuziba mlango mpaka ubaki ufa mwembamba, naye dume humlisha matunda kupitia ufa huo. Ukimwona dume akirudi tena na tena kwenye shina moja, usilikaribie shina hilo. Wa pili ni shorobo mkubwa wa buluu, mwenye urefu wa zaidi ya sentimita 70 pamoja na mkia, na kishungi cheusi kichwani. Kuruka si kazi yake, hivyo hupanda mti kwa kukimbia juu ya matawi, kisha hujiachilia kutoka kileleni na kuteleza hadi mti wa pili.

Kuna jambo la usalama hapa. Njiani mtakuta magogo yaliyoanguka. Usiruke gogo ukatua upande usiouona: panda juu yake, tazama upande wa pili, ndipo ushuke. Nyoka aina ya moma hulala kwenye majani makavu akafanana nayo kabisa, wala hakimbii asikiapo hatua. Mtu akiumwa na nyoka, jeraha lisichanjwe, lisinyonywe wala lisifungwe kamba. Kiungo kitulizwe kisitikiswe na mgonjwa apelekwe hospitali mara moja.

Kuanzia saa nne, ndege wanapopungua, hamia kwenye vipepeo. Kakamega ina aina zaidi ya 400, na jua likipenya hukusanyika kwenye udongo mbichi wa njia na kando ya Mto Isiukhu, ambapo madume hufyonza chumvi. Hapa darubini haina kazi. Chuchumaa, sogea ukiwa chini, na uangalie kivuli chako kisiwaguse.

Mchana pumzikeni, na mfunge chakula na zipu za mahema. Nyani na kima wa kambini wameshajua biskuti ni nini, kwa kosa la waliotutangulia, na anayewarushia ndizi kwa ajili ya picha humwachia mgeni ajaye mnyama anayenyang'anya. Usiku, kama mwelekezi yuko tayari, tokeni kwa saa moja na tochi mtafute poto, mnyama mdogo wa usiku atembeaye polepole kama kinyonga. Macho yake hurudisha mwanga wa tochi. Mkimpata, geuzeni mwanga pembeni baada ya sekunde chache. Lala ndani ya neti, kwa sababu malaria ipo Kakamega yote.

Siku ya tatu na ya nne: kinamasi cha Saiwa

Matatu za Kakamega kwenda Webuye, kisha Kitale, huchukua sehemu nzuri ya siku, kwa hiyo ondokeni msituni kabla ya saa tatu. Kutoka Kitale shikeni barabara ya Kapenguria hadi njia panda ya Kipsaina, kisha bodaboda hadi langoni. Saiwa ilitangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka 1974 na ndiyo ndogo kuliko zote nchini, takriban kilomita 3 za mraba. Gari haliingii. Kuna vijia, njia za mbao juu ya maji, na minara ya kutazamia.

Mwenye mbuga hii ni nzohe, paa wa kinamasini ambaye kwato zake ni ndefu na hutanuka ili asizame matopeni. Akitishwa huingia majini akabakisha pua tu, na ndiyo maana unaweza kupita mita 30 kutoka kwake usijue. Hutoka kwenye matete mapema asubuhi na jioni. Nje ya saa hizo usijilaumu ukimkosa. Panda mnara kabla ya saa kumi na moja jioni, mtu mmoja mmoja, bila kukanyaga ngazi kwa kishindo, kwani mbao hupeleka mtikisiko hadi majini. Usimtafute nzohe mzima. Pitisha darubini taratibu pale matete yanapokutana na maji, kutoka kushoto hadi kulia, ukitafuta kitu kimoja tu: sikio linalotikisika, mstari mweupe ubavuni, au pembe zilizojipinda, ambazo ni za dume pekee. Ukifika mwisho rudia tena. Mimi nilirudia mara sita kabla ya kitu nilichokuwa nimekihesabu kama kichuguu kuinua kichwa.

Alfajiri ya siku ya nne pitieni kijia cha kando ya mto kumtafuta kima wa De Brazza, ambaye watu wengi humwita kalasinga kwa sababu ya ndevu zake nyeupe. Yeye hukushinda kwa mbinu yako mwenyewe: akikuona hutulia tuli, na anaweza kukaa hivyo muda mrefu bila kusogeza kidole. Mtafuteni kwenye matawi ya chini yaliyoinama juu ya maji, na mkimpata semeni kwa macho tu.

Mnaporudi kuelekea barabarani angalieni mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, kwani korongo wenye taji ya dhahabu hutoka kinamasini kuja kuokota punje, na wakati mwingine huinama na kurukaruka wawili wawili kana kwamba wanacheza ngoma. Idadi yao imepungua sana Afrika Mashariki, na viota vyao viko humu humu kwenye vinamasi vidogo vya wakulima. Watazameni mkiwa barabarani. Mkitaka kusogea, pigeni hodi kwa mwenye shamba kwanza. Aghalabu atawaambia mwenyewe wanalala wapi, na akiwakaribisha chai msikatae, kwa maana habari nyingi za ndege wa eneo hili hazijaandikwa popote ila ziko mezani pake.

Kabla ya kupanda matatu, kila mtu akague magoti, kwapa na nyuma ya masikio kama kuna kupe, na watoto wakaguliwe na mtu mzima. Kupe avutwe moja kwa moja kwa kibano kilichoshika karibu na ngozi, bila kumchoma moto wala kumpaka mafuta. Kisha andika kwenye daftari ulichokiona, mahali na saa, wakati bado matope hayajakauka kwenye viatu.